Majani Makavu Yaliyojenga Bweni la Wasichana

Udongo ulinifika kifuani, na jiwe lilikuwa limenikalia nyonga ya kushoto kama mtu mnene aliyepata nafasi kanisani. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshika mkono wa Mama Nakundwa. Mkono tu. Mwenyewe nilikuwa simuoni. Punde tu kabla ya hapo alikuwa ananicheka, anasema, "Matroni, wewe mtu wa tambarare ukipanda mlima unatembea kama kuku aliyefungwa miguu." Halafu ukingo wa korongo ukashuka. Haukupiga kelele nilizotegemea. Ulishuka kama mtu anayeshusha pumzi.

Watu walichimba kwa majembe na kwa mikono. Mimi nilikuwa nambana vidole, naye ananibana. Nikambana tena, akanibana kidogo. Nikambana tena.

Waliponitoa walinilaza juu ya majani ya mgomba. Sikio moja lilikuwa limejaa tope, lingine lilikuwa zima, na hilo zima lilimsikia Mzee Elirehema, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya shule, anawaambia waliokuwa wakichimba: "Sikilizeni jamani. Hawa walikuja wenyewe. Hakuna aliyewaita. Mtu akiuliza, walikuja wenyewe." Mama Nakundwa alikuwa bado yuko chini.

Mtu akianza kutunga maneno wakati maiti haijatolewa, ujue maneno hayo alikuwa nayo tangu nyumbani.

Sasa nimestaafu. Karatasi inasema kwa hiari. Nyonga yangu inajua hiari ilikuwa ya nani. Niko kwa dada yangu Lembeni, karibu na barabara kuu, magari ya Arusha yanapita nayahesabia honi. Binti aliyechukua nafasi yangu alinipigia simu, akasema, "Shikamoo mama, niandikie hata kidogo, kazi hii unaifanyaje?" Nikamwambia marahaba, nitaandika. Mimi ni wa darasa la saba, mtanisamehe mpangilio. Lakini nilichokiona nilikiona kwa macho yote mawili, hayo hayakuingia tope.

Nilipanda milima ya Upare kusini nikiwa bado na nguvu za kubeba ndoo mbili. Shule sitaitaja jina, ya kwetu wataijua, na wengine haiwahusu. Ni sekondari yenye mabweni, iko juu kabisa, asubuhi ukungu unaingia bwenini bila kubisha hodi. Siku ya kwanza nilikabidhiwa filimbi, tochi na shada la funguo zenye kutu, na nikakabidhiwa Bibi Nampombe. Huyo ndiye alikuwa matroni wa zamani, mwanamke mfupi, kilemba muda wote, hacheki mpaka ajue umecheka kwa nini.

Aliniuliza, "Umetoka wapi?"

"Lembeni, mama."

"Lembeni kuna stesheni. Watu wa stesheni wanaamini kila anayeshuka ni msafiri. Hapa usiamini hivyo. Wasichana wakishuka na mizigo, wewe angalia mikono, usiangalie nyuso. Uso unafundishwa nyumbani. Mikono haifundishiki."

Ndiyo shule niliyosoma hiyo. Alinifundisha kwamba tranka lililopangwa vizuri mno lifunguliwe mara mbili. Kwamba mto wa kulalia unanuka kilicholaliwa nacho. Kwamba mwanafunzi anayejitolea kufagia nyuma ya choo kila siku hana usafi wowote, ana kitu nyuma ya choo. Na akaniambia funguo za bweni la wasichana hazitoki kiunoni mwangu hata aje askofu. "Mwanamume yeyote akitaka kuingia humu, aingie nyuma yako. Mwalimu, mlinzi, fundi bomba. Nyuma yako."

Vilevi nilivikuta vya kila aina. Dengelua, pombe ya miwa, iliyotiwa kwenye chupa ya juisi, imechacha mpaka kizibo kinapiga chafya. Kuberi, tumbaku ya kubana mdomoni, ndani ya soksi. Bangi mara mbili tatu, hiyo ililetwa na wa mjini. Na mirungi, hiyo haina haja ya kuletwa kutoka mbali, milimani kwetu kuna watu wanailima katikati ya kahawa na tangawizi, na kila mtu anajua na kila mtu anashangaa akiulizwa. Inafungwa kwenye jani la mgomba ikiwa mbichi, inabanwa kwa ukambaa wa mgomba huo huo, ili isikauke. Ikikauka haina kazi. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Mkuu wa shule wa wakati ule wa mwanzo alikuwa na utaratibu mmoja. Mtoto akikutwa na kitu anaitwa mzazi, wanakaa ofisini watatu, mlango umefungwa. Mara nyingine polisi walipigiwa, kwa sababu sheria ya nchi haisemi mirungi ni mboga. Mara nyingine mtoto alisimamishwa masomo, akarudi. Wengine hawakurudi. Niliona baba anavua mkanda mbele ya mkuu, na mkuu anamwambia, "Mzee, kaa. Ungeutumia huo mkanda kwa shamba lako la mirungi kule juu, tusingekuwa hapa." Baba akakaa. Mwaka uliofuata bado alikuwa na lile shamba, lakini mtoto alikuwa anasoma.

Kesi ngumu kwangu ilikuwa ya msichana mmoja wa kidato cha nne aliyekuwa analewa kwa sababu usingizi ulikuwa haumjii. Nilikaa naye kitandani, nikamwambia leo nipe chupa yako, mimi nitakupa chai ya tangawizi na hadithi za stesheni. Hadithi zangu zilikuwa mbaya sana, alilala. Sasa hivi ni nesi. Msiseme adhabu haina kazi, ina kazi, lakini kwanza jua unamwadhibu nani.

Bibi Nampombe alistaafu, akafariki. Mkuu yule akahamishwa. Akaja Mkuu Mndeme, mtu mpole wa suti, na chini yake akaja Mwalimu Kiangi wa nidhamu. Kiangi alikuwa na kabati la chuma ofisini kwake, kabati la vielelezo aliliita. Kila alichonyang'anya aliweka humo. Simu, rangi za kucha, kitita cha mirungi. Ukipita ofisini kwake unamkuta amelifungua, analitazama, kama mtu anayetazama ng'ombe wake.

Ndipo likaja suala la bweni jipya. Wasichana walikuwa wamejaa, wanalala wawili wawili kitanda kimoja, na wazazi walikubali kujenga kwa msaragambo. Msaragambo kwa sisi Wapare hauelezwi, ni kazi ya wote: barabara, mfereji, shule, baragumu linapigwa, kila kaya inatoka na jembe lake. Usipotoka bila sababu, vijana wa mwenyekiti wanakuja kwako wanachukua jembe au kuku, mpaka ulipe kwa kazi. Babu zetu wamechimba mifereji ya maji kwenye majabali kwa njia hiyo. Lakini siku hizi watu wamechoka. Baragumu likipigwa, vijana wanaangalia simu. Msingi wa bweni ukaishia kwenye mawe ya kwanza, majani yakaota ndani, mbuzi wa mlinzi wakapata malisho.

Mkutano wa wazazi uliitishwa uwanjani. Mzee Elirehema alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mwanamume mwenye fimbo nzuri na viatu ambavyo sijawahi kuviona na vumbi. Akasimama akasema:

"Ndugu zangu, mtoto akikutwa na mirungi sheria inasema nini? Afukuzwe. Polisi. Mahakamani Same. Nani hapa anataka mwanawe apelekwe Same?"

Hakuna aliyetaka.

"Basi tuwe na utaratibu wa kwetu. Mtoto akikutwa na kilevi, anarudi nyumbani kwa muda. Mzazi analipa kwa msaragambo. Analeta mawe ya ujenzi, rundo linapimwa, rundo likitimia mtoto anarudi darasani. Hakuna polisi, hakuna aibu. Mtoto anapona na bweni linapanda."

Watu walipiga makofi. Mchungaji alipiga makofi. Kwa kweli lilisikika kama huruma. Mzee mmoja nyuma, Baba Amani, ambaye anatafuna mirungi tangu ujana wake na hafichi, meno yenyewe yanatoa ushahidi, akanyoosha mkono: "Mwenyekiti, na mzazi akikutwa anatafuna, nani atamletea mawe?" Kicheko kikapita uwanja mzima. Elirehema hakucheka. Akasema, "Wewe Baba Amani tutakujengea kaburi kwa hayo mawe." Kicheko kingine. Ndivyo ilivyopitishwa, kwa vicheko viwili.

Miezi ya kwanza sikuona ubaya. Mvulana mmoja alikutwa na mirungi kweli, mbichi, mdomo wa kijani, hata yeye hakubisha. Ukoo wake ulikuja, wajomba, baba wadogo, mashemeji, wakashusha mawe kutoka korongoni siku mbili, yakapimwa, wakaenda zao wanaimba. Kitita kikaingia kabatini kwa Kiangi. Msingi ukapanda.

Kisha mawe yakaisha. Wiki ile ile akakutwa mwingine. Naye ukoo mkubwa, wajomba wengi, mikono mingi. Ukuta ukafika madirishani. Mawe yakaisha tena. Akakutwa mwingine.

Mimi ni mtu wa kushuku, nililelewa hivyo na nikafundishwa kazi hivyo. Nikaanza kuangalia mikono, kama Bibi Nampombe alivyosema. Watoto waliokutwa hawakuwa wanatetemeka vidole. Walikuwa wanakula makande yao wanamaliza na kukwangua sahani, wakati mtafuna mirungi hata makande yenye nazi anayasukuma pembeni. Na ajabu nyingine: polisi hawakuitwa hata mara moja. Nilimuuliza Mwalimu Kiangi tukiwa tunangoja paredi.

"Mwalimu, hawa wote wanaoileta, anayewauzia hatumtafuti?"

"Matroni, wewe angalia mashuka."

Nikaangalia mashuka. Lakini nilikuwa nafikiri. Polisi akija, anaondoka na kielelezo. Haachi.

Aliyelisema waziwazi alikuwa Baba Amani, tena bila kujua analisema. Mtoto wa kaka yake alikamatwa, ukoo ukaitwa ofisini, mimi niliitwa kama shahidi wa bweni ingawa mtoto alikuwa wa kiume, kwa nini sijui mpaka leo. Kiangi akaweka kitita mezani. Kilikuwa kimefungwa kwa uzi mwekundu wa nailoni, ule wa fundi anaovuta kunyooshea ukuta. Baba Amani akakisogelea, akakinusa, akachomoa kijiti akakivunja kichwa, akakirudisha. Kikalia kama kuni.

"Mwalimu," akasema, "hii imekufa siku nyingi. Hii hata mbuzi wa mlinzi akiila ataenda kushtaki. Nani ana akili atakaa na hii kwenye tranka?"

Mkuu Mndeme akasema, "Mzee, sisi hatuko hapa kuonja."

"Siionji, nailia msiba."

Wajomba walicheka, lakini wakaenda kubeba mawe. Walikuwa wameshakuja, wameshaacha kazi zao, na nani anataka kesi Same. Mimi sikucheka. Niliutazama ule uzi. Kiangi aliona nautazama, akafunika kitita kwa gazeti.

Sasa nifike kwa Mama Nakundwa.

Alikuwa mjane, shamba lake la tangawizi liko upande wa juu, mkali wa mdomo, mwenye mgongo ulionyooka kwa kubeba mizigo kichwani. Binti yake Nakundwa alikuwa kidato cha tatu, mtoto wa utani, anaigiza walimu wote mpaka kutembea kwao. Mimi aliniigiza kwa filimbi ya mdomo, anazungusha funguo hewani, wasichana wanakufa kwa kicheko, na mimi nasimama mlangoni najifanya sijafika.

Msaragambo wa mwezi ule Mama Nakundwa hakutokea. Alikuwa amepeleka tangawizi mnadani, asingeenda ingeoza. Vijana wa Elirehema wakaenda wakachukua jembe lake, kama desturi. Yeye akaja kulifuata shuleni, siku ya mkutano wa ujenzi, mbele ya watu wote. Akasimama na kanga yake kiunoni.

"Mwenyekiti, shikamoo."

"Marahaba."

"Jembe langu nimekuja kulilipia kwa kazi. Lakini nina swali. Hili bweni limefika madirishani. Nionyeshe jiwe moja ulilobeba wewe."

Mtu mmoja akakohoa kicheko.

"Moja tu, mwenyekiti. Hata dogo. Nipate kulibusu."

Watu wakaangua. Baba Amani alipiga goti chini kwa kucheka. Elirehema alitabasamu, na mimi tabasamu lile nililiona limeishia kwenye meno. Akasema, "Mama, mdomo huo utakubebesha mzigo." Hayo maneno waliyasikia wengi. Waulizeni. Mkinipinga mimi, hamwezi kuwapinga wote.

Haikupita wiki. Asubuhi wasichana wakiwa madarasani, Mwalimu Kiangi akaja jikoni nilikokuwa nasimamia uji. "Matroni, nipe funguo za bweni. Kuna ukaguzi."

"Nakuja nawe, mwalimu."

"Mkuu anakuita ofisini. Sasa hivi. Nipe funguo."

Nikamwambia utaratibu. Nikamwambia mwanamume haingii bweni la wasichana bila matroni. Akatoa mkono akasubiri, mbele ya wapishi. Nikasema twende kwanza kwa mkuu wote wawili. Tukaenda. Mkuu Mndeme akainua macho kutoka kwenye simu, akasema, "Matroni, mpe mwalimu funguo, na wewe kaa hapa tuzungumze suala la neti za mbu." Neti za mbu! Huko juu kwenye baridi ile mbu wenyewe wanatafuta blanketi. Nilikaa nikasikiliza habari za neti, na ndani ya muda huo Kiangi alikuwa peke yake kwenye bweni langu, amevaa lile koti lake refu la mvua, wakati nje jua linawaka.

Aliporudi alikuwa na kitita. Kimetoka, alisema, kwenye tranka la Nakundwa. Uzi mwekundu wa nailoni. Na kijiti kimoja kimevunjika kichwa.

Kijiti kimoja kimevunjika kichwa. Nimeandika mara mbili ili msiseme mkono uliteleza.

Nakundwa aliitwa. Alisimama pale, akatazama mezani, akanitazama mimi, akasema, "Matroni, hii si mirungi, hii ni ufagio." Nikajua hajui hata jinsi mtu mwenye hatia anavyotakiwa kuonekana. Kiangi akamwambia apige magoti. Nikasema, "Mkuu, kitita hiki nimekiona hapa hapa, kwa mtoto wa kaka yake Baba Amani." Mkuu Mndeme akafunga macho kidogo, kama mtu anayeumwa kichwa, akasema, "Matroni, mirungi yote inafanana." Nikasema, na nyuzi zote je? Akasema nitoke.

Mtoto akarudishwa nyumbani na godoro lake kichwani. Mama yake akaambiwa: mawe. Hana mume, hana kaka hapa karibu, hana shemeji. Ukoo wake ni yeye na kata yake ya kanga kichwani.

Akabeba. Alimtuma mtu kuniambia, "Mwambie matroni silii. Nabeba ili mtoto arudi darasani, halafu nitasema." Kila jioni Elirehema alikuja na ufito wake wa kupimia, anausimamisha kwenye rundo, anatikisa kichwa. Rundo halijafika. Siku nyingine alisema limeshuka kwa sababu ya mvua. Mawe yanayeyuka, hiyo ndiyo jiolojia ya mwenyekiti. Masika yalikuwa yameshaanza, korongo limelowa, na mawe mazuri ya karibu walishayamaliza wajomba wa wale wa kwanza. Yaliyobaki yalikuwa chini ya ukingo, ambapo kila mtu alijua pamechimbwa mno kwa ndani. Fundi mwenyewe alimwambia Elirehema pale pafungwe. Fundi huyo sasa yuko Tanga na akipigiwa simu mtandao unasumbua.

Siku yangu ya mapumziko nilivaa raba nikaenda kumsaidia. Alicheka aliponiona. Akasema lile neno la kuku. Tulibeba raundi kadhaa, yeye anatangulia, mimi nahema. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisani kwa Chasu, Kipare chetu, nusu nausikia, nusu unamezwa na mzigo. Tuliporudi chini akainama kuvuta jiwe bapa, akasema, "Hili zuri, hili nitaliandika jina la mwenyekiti." Nikainama kumsaidia upande wa pili.

Mengine mmeshayasoma mwanzo.

Gonja hospitali walinitazama vizuri, sina neno nao. Nyonga ilishikwa na vyuma. Polisi walikuja kuniuliza kitandani, na kijana yule mwenye kalamu akaniambia, "Mama, tumeelezwa mlikuwa mnachukua mawe yenu binafsi." Nikamwambia mimi ninaishi kwenye chumba cha shule, mawe yangu binafsi nayaweka wapi, kwenye mfuko? Akaandika kitu. Sijui aliandika nini.

Msibani sikuwepo. Niliambiwa Elirehema ndiye aliyesoma salamu za shule. Alisema marehemu alikuwa mpenda maendeleo, aliyejitolea mpaka pumzi ya mwisho. Watu walilia. Baba Amani aliondoka katikati, akaenda kukaa barabarani peke yake.

Shule nayo ikafanya huruma yake nyingine. Mkuu Mndeme alituma ujumbe kwamba kutokana na msiba, Nakundwa amesamehewa mawe yaliyobaki, arudi darasani. Watu wakasema afadhali. Nilipotoka hospitali na magongo nilimfuata kwa shangazi yake Same mjini, nikamkuta anaosha vyombo kwenye mgahawa karibu na stendi. Haigizi mtu tena. Nikamwambia, "Mwanangu, rudi. Umesamehewa."

Akaweka sufuria chini.

"Matroni, nikirudi kwa msamaha, mama alibeba mawe kwa sababu nilikula mirungi. Ndiyo watakavyosema, na mimi nitakuwa nimekubali. Waseme kwanza sikula. Wakisema, narudi hata leo, hata na aproni hii."

Mtoto wa kidato cha tatu ameona jambo ambalo wazazi uwanja mzima hatukuliona tukipiga makofi.

Basi, wewe binti uliyechukua funguo zangu, ushauri wa kazi ni huu, sina mwingine. Sheria ya vilevi iwepo. Mtoto akilewa aadhibiwe, asaidiwe, mzazi aitwe, polisi waitwe wakihitajika. Lakini siku adhabu ya mtoto itakapoanza kumfaa mtu, awe mwenyekiti, awe mwalimu, awe nani, siku hiyo anza kumkagua mkaguzi. Ukikuta kitu, kiteketezwe mbele ya macho ya wengi siku hiyo hiyo, kisilale kabatini. Na funguo ni kiunoni. Wakikuita kuzungumzia neti za mbu, waambie huku hakuna mbu.

Bweni limekwisha. Limepakwa rangi ya maziwa, na juu ya mlango wameandika kwamba limejengwa kwa nguvu za wananchi. Wasichana wanalala kila mmoja na kitanda chake. Wanalala juu ya mawe yale.

Sasa ninawauliza kwa majina, na ninauliza hapa kwa sababu ofisini nilitolewa.

Mkuu Mndeme: siku ile ulinikalisha kwa neti kwa ombi la nani?

Mzee Elirehema: ulimwambia marehemu mdomo wake utambebesha mzigo. Ulijuaje, kabla ya tranka kufunguliwa? Na kabla hajatolewa chini ya udongo, ulikuwa unamfundisha nani cha kujibu, na kwa swali la nani?

Mwalimu Kiangi: wewe nakuuliza kidogo tu. Wazazi wote waliobeba mawe waitwe uwanjani pale pale mlipopigiwa makofi, na Nakundwa asimame mbele na aproni yake. Uje na kabati lako. Lifungue mbele yao. Vitita vya watoto wote mliowakamata, kimoja kimoja, utuonyeshe kipi ni cha nani.

Kama humo kabatini kimo kimoja tu, chenye uzi mwekundu na kijiti kilichovunjika kichwa, utueleze wewe mwenyewe, kwa sauti, mtoto yule asikie: nani alikuwa na mirungi shuleni pale?